Vigae vya jikoni achague anayevisugua

Dada yangu anajenga Mtwapa. Juzi tulikwenda kutafuta vigae vya ukuta wa jikoni, ile sehemu ya kati ya kaunta na kabati za juu: yeye, mumewe na mimi. Muuzaji akamvutia shemeji kiti, akamfungulia katalogi, akamwambia, "Bosi, hizi mozaiki, hivi vipande vidogo vidogo, ndizo zinazotoka sana sasa." Dada akauliza kama zinasafishika. Muuzaji akamjibu shemeji: "Zinang'aa, bosi, angalia mwenyewe." Aliyeuliza amesimama pale pale, na ndiye atakayekaanga samaki mbele ya ukuta huo mpaka watoto wake waoe na kuolewa.

Dukani nilinyamaza kwa heshima ya shemeji. Hapa sinyamazi.

Si duka lile peke yake. Nimeingia majiko ya watu hapa Mombasa, Tudor, Kisauni, Likoni na Nyali, na mara nyingi hadithi ni hiyo hiyo. Ramani kachora fulani, pesa katoa bwana, fundi kashauri vigae, na mpishi wa nyumba kaitwa siku ya kuhamia aje aone palivyopendeza. Ukuta wa jikoni ndio ukuta unaochafuka kuliko kuta zote za nyumba, nao unachaguliwa na mtu asiyesimama mbele ya jiko. Naliona hili ni dhulma, na neno hilo silipunguzi.

Tuanze na uchafu wenyewe. Haukai kwenye kigae. Uso wa kigae cha ukutani umepakwa glezi, na glezi ni kioo: kitambaa chenye maji ya moto na sabuni kikipita mara moja, mafuta yameondoka. Uchafu unakaa kwenye ile mistari ya grauti, yaani kijazio cha katikati ya kigae na kigae. Grauti ya kawaida ni saruji, ina vitundu, inakunywa chochote kinachoirukia. Kwa hiyo kabla hujauliza rangi, uliza mistari itakuwa mingi kiasi gani.

Hesabu yake ni nyepesi. Vigae vya sentimita 30 kwa 60 vinatoa kama mita 5 za mistari katika kila mita moja ya mraba ya ukuta. Vile vidogo vyeupe vya inchi 3 kwa 6, vya mtindo wa vituo vya treni za chini ya ardhi vya New York vilivyofunguliwa mwaka 1904, vinatoa kama mita 20. Mozaiki ya vipande vya sentimita mbili na nusu inatoa mita 80. Sasa chukua jiko la kawaida, ukuta wa urefu wa mita 3, na kimo cha inchi 18 kati ya kaunta na kabati. Kwa vigae vikubwa utasugua mistari isiyofika mita 7. Kwa mozaiki utasugua kama mita 110, urefu wa uwanja wa mpira kutoka goli hadi goli. Muuzaji yule hakumwambia dada yangu hivyo, na shemeji hakujua kuuliza.

Na kinachorukia mistari hiyo hapa kwetu si mvuke wa chai. Ni mafuta ya viazi vya karai, ni bajia, ni samaki aliyepakwa manjano na pilipili, ni tui linalofoka ukigeuka kidogo tu kumjibu mtoto. Mwezi wa Ramadhani ni kukaanga kila alasiri. Manjano ikishaingia kwenye grauti nyeupe, sabuni haiitoi.

Shangazi yangu anakaa Majengo. Wanawe walimtengenezea jiko kwa mapenzi kabisa, wakambandikia mozaiki nyeupe nyuma ya jiko la gesi. Ukiinama uitazame karibu, vipande vyenyewe bado ni vyeupe, lakini grauti ya usawa wa karai imegeuka rangi ya mchuzi, na juu yake kuna utando unaonata kidoleni: mafuta na vumbi vilivyoshikana. Pembeni, pale alipozidisha kusugua, grauti imeanza kumung'unyuka ikatoa unga. Nilimkuta amepanda kiti, mkono mmoja umeshika kabati, mwingine una mswaki mkuukuu na magadi soda, anafuata mstari mmoja mmoja. Magoti yake yana baridi yabisi. Nikamwambia, "Shangazi, shuka, nipe mimi." Akasema, "Wacha mwanangu, wakija wanangu wasione pachafu, wataona sikuithamini kazi yao." Niliposugua mimi, mkono uliniuma kabla sijamaliza upande wa jiko, na mimi ni kijana kwake.

Watoto wale hawana ubaya wowote. Walimpenda mama yao, wakatafuta kizuri kuliko vyote. Lakini hawakumwuliza. Laiti wangempeleka dukani, wakamkalisha kiti cha mbele, angewaambia mwenyewe.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba mozaiki inapendeza, na kwamba anayelipa ana haki ya kusema neno juu ya bei. Kama roho imeshaipenda, iwekwe kwenye ukuta usio na jiko, pale pa birika na vikombe. Ama inunuliwe grauti ya epoksi, ambayo hainyonyi mafuta. Ni ghali, na inaganda upesi, kwa hiyo inataka fundi aliyeizoea. Wakati mwingine bei hiyo ya ziada ndiyo inayomaliza mapenzi ya mozaiki.

Kuna wanaoniambia kwamba sisi watu wa pwani ni watu wa mapambo, tusinyimwe. Ni kweli. Kaburi la mnara la Mambrui, karibu na Malindi, lilipachikwa bakuli za kauri za Kichina, na nyumba za mawe za zamani zilikuwa na zidaka za kuwekea kauri za thamani. Lakini tazama ziliwekwa wapi: kwenye kaburi la mtu wa heshima, na katika vyumba vya ndani, mahali pa jicho kutulia. Pale hakuna karai la mafuta.

Marumaru halisi usiiweke karibu na ubao wa kukatia. Ndimu, siki na ukwaju vinaila, inabaki na madoa yaliyofifia yasiyofutika. Grauti nyeupe iacheni, chukueni ya kijivu. Vigae vyenye mikunjo vinavyoiga mawe havina nafasi nyuma ya jiko.

Msifikiri lazima mununue poseleni nzito pia. Poseleni ni ngumu na hainyonyi maji, nusu asilimia au chini ya hapo, lakini huo ni ugumu wa sakafu inayokanyagwa. Ukutani kigae cha kawaida cha kauri kinatosha: chepesi, kinakatika vizuri kwenye soketi, na bei yake ina huruma. Mkichukua poseleni, gundi nayo ibadilike, maana ile ya kawaida haiishiki sawasawa. Na maboksi yote yawe na namba ile ile ya toleo, pamoja na ziada ya kama asilimia 10. Ukirudi baadaye kutafuta vitatu vya kujazia, rangi haitalingana.

Juu ya ubandikaji nina manung'uniko mengine, hasa ya mji huu wetu wa chumvi. Fundi anafika, anakuta ukuta umepakwa rangi ya mafuta, anabandika juu yake. Gundi imeshika rangi, haikushika ukuta, na rangi ikibambuka kigae kinashuka nayo. Ukuta udonolewe kwa nyundo kwanza, vumbi lifutwe, uloweshwe. Na maji ya kukorogea yawe yale mnayoweza kunywa. Visima vyetu vingi vina chumvi, na chumvi hiyo haipotei: maji yakikauka inatoka kwenye grauti kama unga mweupe, unafuta leo, kesho kutwa umerudi. Ukinunua maji ya kupikia, nunua na mtungi wa fundi.

Kingine ni yale matone matano. Fundi mwenye haraka anaweka bonge la gundi katikati na mengine kwenye pembe nne, anakandamiza, anakwenda kwa kingine. Nyuma kunabaki uwazi, na uwazi ni nyumba ya mende na unyevu. Gundi ipakwe ukutani kwa mwiko wa meno, kote. Mwambie fundi kwa upole akibandue kimoja mbele yako kingali kibichi, ukitazame mgongoni: uwe umejaa gundi. Fundi mzuri hachukii hilo, na wengi wamefurahi mtu akiijali kazi yao.

Aanzie chini, kigae kizima kwenye kaunta, akifuata pimamaji, vipande vilivyokatwa viende juu chini ya kabati ambako jicho halifiki. Jiko la gesi la kusimama lisogezwe, na ukuta wa nyuma yake ubandikwe hadi sakafuni. Mafuta hayasimami usawa wa kaunta, yanashuka kwenye ule mwanya, na saruji tupu ya kule chini haisafishiki tena. Umeme uzimwe kwenye swichi kuu kabla hajagusa soketi. Grauti isubiri mpaka kesho yake, gundi ikauke.

Pale kigae kinapokutana na kaunta, msikubali grauti. Kaunta na ukuta havitembei pamoja, grauti itapasuka na maji yatapita chini kwa chini mpaka mbao za kabati zivimbe. Hapo ni silikoni, inayonyumbuka. Akimaliza, na kabla ya kupewa pesa iliyobaki, mwenye jiko apite na sarafu akigonga kila kigae. Kinacholia kama kopo kiko tupu mgongoni. Akiweke alama ya chaki, fundi akitoe akirudishe, ndipo pesa itoke.