Zimeni tochi za simu jamani

Jamani hii tabia ya kuwasha tochi za simu usiku wa kutazama nyota imenichosha kwa kweli. Juzi tulikuwa pwani Jambiani, darubini moja, watu foleni, mwezi haupo, kiza kizuri mpaka nyota unaziona zimejaa kama unga uliomwagika. Sasa jicho la mtu linataka kama dakika 20 hadi 30 kuzoea kiza, umesubiri wee, zamu yako inakaribia, mara anatokea mtu nyuma anatafuta kiatu chake na tochi, pwaa usoni, basi unaanza upya. Mwengine anapiga flashi eti aipate nyota kwenye picha, flashi yenyewe haifiki hata kwenye ule mnazi pale.

Kilichoniuma zaidi ni bibi mmoja alokuja na mjukuu wake, anataka kumuonesha Kilimia, zile nyota wazee wetu walikuwa wakizitazama kujua msimu wa kulima. Kainama tu kwenye darubini akamulikwa. Akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akasema mwanangu mbona naona weupe mtupu. Mwanga wa Kilimia umesafiri zaidi ya miaka 400 kutufikia, halafu unakuja kuuliwa na tochi ya simu hatua mbili kutoka kwenye darubini!

Kama lazima umulike, funga karatasi nyekundu kwenye tochi umulike chini, mwanga mwekundu hauliharibu jicho sana. Na viatu viacheni sehemu moja.