Mishono Miwili

Shule zinafunguliwa Jumatatu, na leo asubuhi ndiyo kijana wangu ananiletea suruali iliyotoboka magoti yote mawili. Nikamuuliza, mwanangu, kwani wewe unasomea magoti? Eti huwa anateleza kidogo tu wakati wa mapumziko. Kidogo!

Basi nikavaa suruali yangu ya heshima, tukatoka. Viatu tulivimaliza haraka: alivyovipenda vilinishinda, nilivyovimudu vikambana. Mkoba tumeahirisha, wa zamani bado una mkanda mmoja.

Kwenye suruali ndipo nilipotaka ijulikane kwamba mimi si mzazi wa kuchezewa. Ya kwanza nikaigeuza ndani nje. Mshono mmoja! Nikamwambia muuzaji, "Hapa makalioni nataka mishono miwili." Ya pili nikaiinua kwenye mwanga, nikamwona muuzaji kupitia kitambaa, hadi meno anavyonicheka. Ya tatu nikaisugua kwa leso nyeupe niliyoilowesha. Leso ikageuka bluu.

"Mzee, unanunua suruali au unaipeleka mahakamani?"

Sikumjibu. Ya nne ilikuwa na lebo: polyesta asilimia 65, pamba 35. Hapo nikatulia. Pamba tupu naijua mimi, mtoto akirudi shule nayo ikionja maji inarudi. Nikapima upindo: sentimita 3. Nikamweleza kwa upole kwamba mtoto wa umri huu hurefuka sentimita 5 au 6 kwa mwaka, sasa upindo huu si utaniishia njiani?

"Kwani anarefuka miguu tu, mzee?"

Foleni yote nyuma yangu ikacheka. Nikamwamuru kijana aijaribu, achuchumae. Akachuchumaa kama mgeni anayeona haya. Nikamwambia siyo hivyo, chuchumaa kama mtu anayeteleza! Hajui. Magoti mawili ameyamaliza, leo hajui! Nikaona nimwonyeshe.

Chrrrr.

Kijana akajitazama nyuma. Yake nzima.

"Mzee," muuzaji akauliza, taratibu kabisa, "hiyo yako ilikuwa na mishono mingapi?"

Nimelipa suruali bila kuomba kupunguziwa hata kidogo. Nimelipa na sweta vilevile, la kwanza lililokuwa karibu na mkono, nikajifunga kiunoni. Hilo sikuligeuza, sikulipeleka kwenye mwanga, leso sikuikumbuka. Mikono yake inamfika kijana magotini. Mama yake kalitazama, kanitazama, kaingia ndani.

Sasa niko hapa na suruali yangu ya heshima, naitafuta sindano. Nyumba nzima ina sindano moja, na hiyo moja kuna mtu kaichukua kutolea laini ya simu. Nauliza ni nani, kila mtu ana masomo ya kurudia. Wiki nzima daftari halijafunguliwa, leo wote wanasoma! Hata huyo wa kuteleza. Tena kapiga magoti sakafuni, kwenye suruali mpya.