Safina ya Nuhu, Contra na suala la leseni

Mwaka 1994 kampuni ya Wisdom Tree ya Marekani ilitoa gemu ya Super Nintendo iitwayo Super 3D Noah's Ark. Ni gemu ya kufyatua isiyo na bunduki wala damu. Nuhu anapita kwenye korido za safina na manati mkononi, akiwarushia chakula wanyama waliochachamaa mpaka washibe na kulala. Mbuzi wanakufuata kila kona wakupige teke.

Nintendo haikuidhinisha gemu hiyo. Mashine ya Super Nintendo ina chipu ya ulinzi inayosemezana na chipu iliyo ndani ya kaseti, na isipopata jibu inalolitaka, gemu haiwaki. Wisdom Tree waliweka tundu juu ya kaseti yao. Ukichomeka humo kaseti nyingine iliyo halali, chipu ya ile halali ndiyo inayojibu, na Nuhu anaingia kazini.

Kuna wanaouita huu wizi. Mimi siafiki. Gemu hii imejengwa juu ya injini, yaani programu ya msingi, ya Wolfenstein 3D, gemu ya kufyatua Wanazi, na Wisdom Tree waliipata kwa leseni kutoka kwa wenyewe, id Software. Aliyefanya kazi aliombwa ruhusa akaitoa. Asiyeombwa ni mwenye mashine.

Mwenye mashine naye ana hoja. Soko la gemu la Marekani liliporomoka mwaka 1983, na sababu mojawapo ni maduka kujaa gemu mbovu zilizotolewa na yeyote aliyetaka. Nintendo ilipoingia huko na NES, mashine iliyoitangulia Super Nintendo, mwaka 1985, iliweka kufuli, yaani chipu ya ulinzi, ili yasijirudie. Hilo naliheshimu. Lakini kufuli lilikuja na masharti: kampuni isizidishe gemu tano kwa mwaka, na kaseti zitengenezwe na Nintendo yenyewe. Hapo hatuzungumzii tena ubora, tunazungumzia nani anashika soko. Wolfenstein 3D yenyewe ilipotoka kwa Super Nintendo, mwaka huo huo wa 1994, ikiwa na leseni zote, damu ilikuwa imeondolewa, alama za Kinazi zimefutwa na mbwa wamegeuzwa panya.

Si kila aliyelikwepa kufuli alikuwa msafi, hata hivyo. Tengen, tawi la Atari Games, waliuza gemu kama After Burner bila idhini. Programu ya siri ya kufuli waliichukua kutoka Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani kwa kudai wanaihitaji kwa ajili ya kesi. Mwaka 1992 mahakama ya rufaa ilikubali wazuiwe. Mahakama hiyo hiyo ilisema kuichambua chipu ili kuelewa inavyofanya kazi kunaweza kuwa matumizi halali. Kilichowaponza ni njia waliyopita.

Sasa njoo kwenye kaseti tulizozijua sisi. Kenya na Tanzania, kuanzia miaka ya 1990, TV gemu nyingi zilikuwa mashine za kuiga Famicom, yaani NES ya Japani, na kaseti zake zimeandikwa 9999 in 1, kana kwamba zina gemu 9999 ndani. Ukiteremka kwenye orodha unakuta Contra, gemu ya kufyatua, kisha Contra inayoanzia hatua ya mbele, kisha Contra yenye maisha thelathini, kisha nyingine inayoanza na silaha kubwa. Gemu ni ile ile iliyotolewa na kampuni ya Konami kwa NES mwaka 1988. Kwenye nakala nyingi, hata jina la Konami limeondolewa kwenye skrini ya kwanza.

Utetezi wa kaseti hizi una uzito. Kaseti halisi haikuwa madukani kwetu, na bila nakala watoto wengi wasingeijua Contra kabisa. Hilo sibishani nalo. Ila kufuta jina la waliotengeneza hakukumpunguzia mtoto bei hata shilingi moja, na tarakimu ya 9999 ni uongo aliouziwa mzazi. Ikilinganishwa na hizi, Safina ya Wisdom Tree inastahili heshima kubwa zaidi kuliko inayopewa.

Hata ule utetezi wa kutopatikana umepungua nguvu. Mwaka 2019 Konami iliziuza upya Contra za zamani kwenye mkusanyiko mmoja, kwa njia ya mtandao. Asiye na namna ya kulipa mtandaoni bado amefungiwa nje, na huyo ningemtetea. Anayeweza kulipa na bado akanunua kimashine cha mkononi kilichojazwa nakala zisizo na majina, sioni namna ya kumtetea.