Msiilaumu Injini, Fungueni Tangi

Jumapili nilirudi nyumbani nimenuna, hata chai sikunywa. Nimejaribu kuliacha jambo hili lipite, limekataa kupita, basi acheni niliandike.

Kuna kijana hapa London, mtoto wa watu tuliotoka nao Tanga, amepagawa na boti ndogo za mashindano kama nilivyopagawa mimi miaka ile. Si zile za rimoti. Ni hizi zetu za waya: boti imefungwa kwenye nguzo katikati ya maji, inazunguka duara la mita 100, mizunguko 5 inapigiwa saa, mita 500 basi. Mwaka mzima ameweka akiba, akanunua injini ya cc 10, mpya, inang'aa. Akaifunga kwenye boti kwa mikono yake mwenyewe. Tukaiwasha, ikakohoakohoa, ikapata mwendo, ikainuka juu ya maji. Haikupita mizunguko mingi sauti ikapanda, ikawa nyembamba kama ya mbu sikioni, halafu kimya. Tulipoirudisha ukingoni na kuizungusha kwa mkono, mle ndani kulikuwa kunakwaruza kama mchanga. Pistoni imekwisha.

Mtu mmoja wa pale, mwenye miaka mingi kwenye mchezo kuliko sisi wote, akatikisa kichwa. Injini mbovu hiyo, akasema, anunue nyingine. Kijana akanigeukia: "Mjomba, ndiyo basi tena?"

Nikafungua kifuniko cha boti. Ndani mlikuwa na tangi la plastiki la mstatili, la dukani, limebanwa kwa skrubu moja kwa moja kwenye mbao. Mrija wa kunyonyea umesimama wima katikati ya tangi. Na tangi lenyewe limewekwa upande wa nje wa boti, ule usioitazama nguzo, vidole vinne kutoka ilipo kabureta, pale mafuta yanapochanganywa na hewa. Sikuhitaji kutazama zaidi. Injini ile haikuwa na kosa lolote. Ilikufa kwa kiu, na mafuta yalikuwa mle mle, nusu tangi.

Hili ndilo linaloniuma. Watu wanabishana usiku kucha juu ya propela, juu ya plagi, juu ya bomba la moshi, kisha tangi wanachukua lolote linaloenea. Tangi si chombo cha kubebea mafuta tu. Kwenye boti ya waya tangi ni sehemu ya kabureta, na anayelichagua kwa kupima kama linaingia kwenye nafasi iliyobaki ameshaiua injini kabla ya kuiwasha.

Fanyeni hesabu pamoja nami. Boti inayokwenda kilomita 200 kwa saa, na ziko zinazopita hapo, inamaliza mita 500 kwa sekunde 9. Duara ni dogo, kutoka nguzo hadi boti ni kama mita 16. Kwa mwendo huo kila kitu ndani ya boti kinasukumwa nje kwa nguvu ya karibu mara 20 ya uzito wake. Mafuta hayakai tena chini ya tangi. Yanapanda ukuta wa nje na kusimama pale kama ukuta wa pili. Kwa hiyo "chini" ya tangi lako si chini unayoiona ukiwa umeliweka mezani. Chini ni ubavu wa nje. Mrija uliosimama katikati unanyonya vizuri hadi mafuta yafike nusu, kisha unanyonya hewa. Injini inayopewa hewa badala ya mafuta, wakati imeshika kasi yake yote, haikupi muda wa kukimbilia chochote. Injini hizi zinakunywa methanoli, aina ya spiriti, na ndiyo inayobeba mafuta ya nyonyo yanayolainisha pistoni. Mchanganyiko ukikatika, na ulainishaji umekatika.

Haya, umeupeleka mrija kwenye kona ya nje. Vema, lakini bado. Kama tangi zima liko nje ya mstari wa kabureta, injini inayavuta mafuta kama mtu anayeteka maji kisimani, mlimani, dhidi ya nguvu ile ya mara 20. Vidole vinne ni kama sentimita 7. Zidisha kwa 20: mita 1 na sentimita 40. Nani kati yenu angeweka tangi sakafuni, kabureta kifuani, halafu akategemea injini iyavute mafuta hadi mwisho? Ndicho alichofanyiwa yule kijana, na hakuna aliyemwambia.

Na upana nao. Tangi lenye upana wa sentimita 6, mafuta yakibaki nusu, uso wake umesogea sentimita 3. Kwa nguvu ile hizo 3 zimekuwa 60. Sindano ya kabureta, ile inayopimia mafuta, uliyoiweka vizuri mwanzo wa mbio haifai tena mwisho wa mbio. Ndiyo maana tangi la boti hizi linatakiwa liwe refu kufuata urefu wa boti, jembamba kwa upana, na limechongoka kuelekea nje, ili mafuta ya mwisho yote yakusanyikie kwenye pembe moja palipo mrija. Na mrija wa kuingizia hewa usiishie juu ya tangi. Uingize ndani hadi karibu na ule wa kunyonyea, hewa itokee pale pale. Hapo mafuta yakipungua, injini haijui kama yamepungua. Ni mrija mmoja tu kuupinda, kazi ya dakika tano.

Sasa niambieni ni duka gani litakuuzia tangi la plastiki lenye umbo la boti yako. Hakuna. Ndiyo maana nasema bati, hili la makopo. Bati unalikata kwa mkasi, unalikunja kwenye ukingo wa ubao, unalipa umbo linalotakiwa na boti, na mirija inakaa hasa pale ulipoilehemu. Kwa boti za rimoti zinazokwenda polepole na kukata kona huku na huku, plastiki inafaa, sikatai. Haina kutu, ni nyepesi. Kwenye waya sitaki hata kuiona.

Shaba ya manjano ni nzuri kulehemu ila inaongeza uzito. Alumini iache, methanoli inaila. Bati lililopakwa zinki pia liache.

Wapo wanaosema bati linatikisika na kutoa mapovu. Ni kweli. Injini ikitetemesha tangi lililobanwa skrubu, mafuta yanachemka kama bia, na mapovu yanapita kwenye sindano kama hewa tupu. Lakini dawa yake ni kipande cha sponji. Kiweke chini na ubavuni, funga kwa mpira, tangi lisiguse mbao popote. Tangi la plastiki la yule kijana nalo lingetoa mapovu vile vile, maana lilibanwa.

Marehemu baba yangu alikuwa fundi bati. Vibatari, makopo ya kupimia, ndoo, mabirika. Nimekulia chini ya meza yake, najua harufu ya asidi ya kulehemu kuliko harufu ya manukato. Kibatari kwake hakikuwa kimekwisha mpaka kimelala. Alikijaza mafuta ya taa, akafuta mikono, akafuta kibatari, akakiweka juu ya gazeti kavu, akaenda kulala. Asubuhi kabla ya kuswali alikwenda na taa kutazama gazeti. Doa likiwa dogo kama punje ya mtama, kibatari kinarudi motoni. Wateja walimwambia, mzee, mbona kimeshatiwa maji na hakivuji? Aliwajibu kwamba mafuta ya taa yanapita mahali ambapo maji hayapiti. Nyumba za makuti zilikuwa zinaungua kwa kibatari kinachovuja. Alikuwa hatanii.

Nimekuja Ulaya, nikasimama kwenye ziwa la bustani ya Victoria Park hapa London, ambako klabu ya boti ndogo ipo tangu 1904, nikamwona mzee wa Kiingereza anatoa boksi lake, ndani mna tangi la bati lenye mshono uliokunjwa kama wa kibatari. Nilimwomba nilishike. Sikuweza kusema kitu kwa muda.

Kwa hiyo nalehemu kama nilivyoona. Bati lisuguliwe ling'ae, pande zote mbili zipakwe risasi ya kulehemia kwanza, mshono ulalie kama milimita 5. Ncha ya mrija wa kunyonyea ikatwe mshazari, ikae kama milimita 2 kutoka kwenye kona, isijibane na ukuta ikajiziba yenyewe. Asidi ioshwe kwa maji ya moto na magadi hadi usiisikie tena, kwa sababu ikibaki bati linaota kutu ndani, na chembe moja ya kutu inaziba sindano. Mbio zikiisha, tangi limwagwe lote. Methanoli inavuta unyevu hewani. Halafu ziba mirija, bakisha mmoja, zamisha tangi kwenye beseni na upulize. Kisha gazeti. Mafuta ya nyonyo hayafichiki kwenye karatasi.

Na tafadhali, tangi lililowahi kuwa na mafuta msilipeleke motoni kabla ya kuliosha na kulikausha. Moto wa methanoli mchana hauonekani. Utajua umeungua, moto hutauona.

Jumatatu jioni kijana alikuja kwangu. Hakuja na injini mpya, nilimkataza. Alikuja na pistoni na silinda za kubadilisha, na kopo tupu la biskuti. Tulikata, tukakunja, mara ya kwanza akaunguza kidole na risasi ikamwagika, mara ya pili mshono ukanyooka. Nilimshika mkono mara moja tu, kwenye kona ya mrija. Saa nne usiku tulilijaza, tukalifuta, akaondoka nalo ndani ya bakuli, gazeti chini ya kwapa.

Leo alfajiri amenipigia simu. Doa lipo, dogo, chini ya mrija wa hewa. Alitaka kujua kama anaweza kulipaka gundi. Nimemwambia aoshe, akaushe, awashe chuma cha kulehemia, aanze tena pale palipovuja. Jumapili bado iko mbali.