Bosi, Limechemsha Hilo

Saa nane mchana, foleni ya Kimara haijasogea tangu muuza korosho apite mara ya kwanza. Sasa anapita mara ya tatu, na ameshaanza kutusalimia kama majirani. Mwendokasi nalo linapita kwenye njia yake, abiria wamening'inia wanatutazama kwa huruma. Na mshale wa joto, uliokaa katikati tangu Ubungo kwa adabu zake zote, umeamua kupanda. Haupandi kwa fujo. Unapanda kama mgeni aliyekuja kukopa: kwanza hodi, kisha watoto hawajambo, kisha ndiyo hayo.

Sisi wenye magari ya mkononi tunaujua mshale huo kuliko siku za kuzaliwa za wake zetu. AC inazimwa bila mjadala. Kisha linafuata lile ambalo abiria wako hatakusamehe: hita. Joto mpaka mwisho, feni mpaka mwisho. Ndiyo, hita, Dar es Salaam, saa nane. Hita ni rejeta ndogo iliyojificha nyuma ya dashibodi, na humo hupita maji yale yale ya injini, kwa hiyo ukiiwasha unaliondoa joto kwenye injini na kulileta magotini kwako. Gia huru, mafuta kidogo, mzunguko wa injini ufike 1,500 hivi kwa dakika ili pampu ipate nguvu ya kusukuma maji. Jasho litatoka, lakini hedi, kile kichwa cha juu cha injini, itapona. Mshale ukigusa nyekundu, toka pembeni, zima. Anayesema "ngoja nifike Mbezi tu, ni hapo" ndiye anayewalipia ada watoto wa fundi.

(Kuna magari madogo hayana hata mshale. Yana taa ya bluu injini ikiwa baridi na nyekundu ikiwa moto, katikati hapo uishi kwa imani.)

Sasa inua boneti. Katika jiji hili kuinua boneti ni kupiga mbiu ya mgambo. Hazipiti dakika mbili, kikao kimetimia.

Wa kwanza ni bodaboda. Anaegesha, anavua kofia, anachungulia mvuke unaotoka kama sufuria ya mama ntilie, anatafakari. "Bosi, limechemsha hilo." Tunashukuru kwa taarifa.

Wa pili ni konda asiye na daladala. "Fungua mfuniko lipumue!" Na mkono wake tayari uko njiani. Huyo mshike, hata kwa shati. Soma maandishi juu ya mfuniko: 0.9 au 1.1. Hicho ni kipimo cha shinikizo. Maji ya sufuria Dar huchemka kwenye nyuzi 100, Iringa mjini, zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, huchemka kwenye 95 hivi. Ndani ya rejeta yenye mfuniko mzima wa 0.9 yanavumilia mpaka karibu 118 kwa sababu yamebanwa. Ukiufungua, yale maji ya nyuzi 110 yanakumbuka ghafla kwamba yalipaswa kuwa mvuke, na njia pekee ya kutokea ni usoni kwako. Subiri nusu saa, ikiwezekana zaidi. Kamata mpira wa juu wa rejeta kwa kitambaa: ukiwa mgumu kama tairi, bado. Ukilegea, weka tambara nene juu ya mfuniko, zungusha mpaka kituo cha kwanza tu, uache upige mluzi, mluzi ukiisha ndipo ukandamize na kumalizia.

"Mbona jirani yangu anafungua kila siku?" Konda anauliza. Mpe pole zake.

Wa tatu ni mzee mwenye baraghashia na fimbo, na hapa ndipo mtihani ulipo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Imwagie maji hiyo injini."

Utamwambia nini? Utamwambia mzee wa watu kwamba hedi ni aluminiamu, ikimwagiwa maji baridi ikiwa moto inajikunja upande mmoja kabla ya mwingine, inapinda au inapasuka? Kwamba kwa injini nyingi hedi iliyopinda zaidi ya milimita 0.05 tayari hailali sawa juu ya bloku? Sifuri nukta sifuri tano, mzee! Unywele! Huwezi. Unasema, "Sawa mzee, ngoja nitafute maji," halafu hutafuti. Yeye anaingia kukaa kwenye kiti chako, kwa sababu kina kivuli, na anafungua redio.

Wa nne ana dawa ya tundu la rejeta: yai bichi, manjano na pilipili manga. Bado mchele tu, tupakue. Ni kweli vitu hivyo huziba tundu, tatizo havichagui tundu. Vinaziba na vijishimo vya rejeta, na vya hita, na wiki ijayo unachemsha upya kwa sababu ya tiba.

Halafu anafika fundi. Hajaitwa. Ana spana moja, namba 10, na bisibisi nyuma ya sikio. Hagusi kitu, hatazami kitu. "Themostati hiyo. Tunaitoa tunatupa. Nchi ya joto hii, ya nini?"

Waungwana, tulianza kwa heshima. Lakini hii ya themostati, jamani, hii imetuzeesha! Nani aliwaambia themostati, kile kilango kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, ni kwa ajili ya baridi ya Ulaya? Injini inataka kufanya kazi kwenye nyuzi 90 hivi, iwe Moshi au Moscow. Ikitolewa, ukiwa barabara kuu injini haipati moto wake, inakunywa mafuta, oili inachafuka. Na baya zaidi: injini nyingi za Kijapani zina njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Themostati ikifunguka upande mmoja, upande wa pili inaiziba hiyo njia ya mkato. Ukiitoa, njia inabaki wazi, sehemu ya maji moto inarudi moto vile vile, na kupanda mlima Kitonga na mzigo utachemsha kuliko mwanzo! Kama unaishuku, ipime: ifunge uzi, itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni, washa moto. Ya nyuzi 82 ianze kufunguka hapo hapo, na maji yakifika 95 iwe wazi milimita 8 hadi 10. Isipofunguka, nunua nyingine yenye namba ile ile. Sufuria muoshee mwenyewe, kabla mwenye jiko hajarudi.

Fundi wa kweli huanza na swali moja: linachemsha likisimama au likikimbia? Kwenye foleni tu, likikimbia linapoa: tazama feni. Washa AC, feni izunguke. Isipozunguka, anza na fyuzi, kisha rilei (swichi yake ya umeme), kisha mota yenyewe, kwa mpangilio huo, maana fyuzi ni bei ya maandazi. Likichemsha kwenye mwendo au mlimani: rejeta imeziba, pampu imechoka, mkanda unateleza, au mpira wa chini unanywea ukikanyaga mafuta. Vumbi na panzi kwenye mapezi ya rejeta wasafishe kwa maji ya nguvu ndogo, kutoka upande wa injini kwenda nje.

Na maji yanakwenda wapi? Kama hayavuji popote lakini kila asubuhi unaongeza, chomoa kijiti cha oili. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa, moshi mweupe usioisha, povu linalopanda kwenye rejeta injini ikiunguruma: gasketi ya hedi hiyo. Kaa chini kwanza ndipo uulize bei.

Kuhusu kumimina maji ya kisima, yale ya chumvi ambayo hata sabuni inayakataa, hatusemi. Rejeta inatoa chai ya rangi, mwenyewe anashangaa. Kulanti, ile dawa ya rangi ya rejeta, nusu, maji yaliyosafishwa nusu. Gari dogo linachukua lita 4 hadi 6. Ya kijani usiichanganye na ya waridi, zinaweza kugandana. Jaza taratibu injini ikiwa imepoa, kisha iwashe mfuniko ukiwa wazi, hita imewashwa, pua ya gari imeinuka kidogo, ukiminyaminya mpira wa juu mpaka mapovu yaishe. Hewa ikibaki ndani, mshale utakudanganya: kipima joto kikikaa kwenye hewa badala ya maji, kinaweza kusoma baridi wakati injini inaungua.

Na kijiti cha kuegemeza boneti kiko wapi? Gari limetoka Japani na kijiti chake, likaingia gereji mara moja tu kubadilisha plagi, likatoka na mpini wa fagio. Fagio la nani? Sasa bodaboda ndiye ameshikilia boneti kwa kichwa, mzee ameongeza sauti ya redio, betri inaisha, na muuza korosho huyo anakuja tena. Pakiti ni ile ile ya mwaka jana. Fungua uhesabu: kumi na moja, na moja kati ya hizo ni ganda.