Linki ya ripoti imeekspaya, tena

Jamani hizi linki za muda za kushea ripoti, nani alikaa akaamua zife baada ya masaa 24 bila kuuliza mtu? Unamaliza ripoti ya mauzo Ijumaa jioni, unatengeneza linki ya pablik ili bosi afungue bila kulogin, unamtumia WhatsApp, anajibu "poa ntaicheki", na wote tunajua ntaicheki ya bosi ni Jumatatu. Jumatatu linki imekufa na lawama zote zako.

Usalama naelewa, linki isiyo na paswedi yeyote akiipata anaona namba zote, haiwezi kukaa wazi milele. Lakini si uniachie nichague siku mwenyewe! Hata Amazon S3 (ile stoo ya mafaili mtandaoni ya Amazon) ambako kikomo ni siku 7, ukitengeneza linki kwa komandi unataja muda unaotaka. Hii sistimu yetu ya ofisini haikuambii kitu, tarehe ya mwisho imefichwa kwenye setingi ndani ya setingi (nani anaingiaga huko?), halafu zile za kufunguliwa mara moja ndo balaa kabisa, maana ukiipesti tu kwenye chati ya kazini kile kiboti cha priviu (kiprogramu kinachochungulia linki ili kionyeshe kipande chake kwenye chati) kinaifungua kabla ya mtu yeyote, bosi akibonyeza anaambiwa imeshatumika.

Na ukimtumia mpya anapandisha chati juu anabonyeza ileile ya zamani. Siku hizi natuma PDF tu, iwe MB 30 sijali, wapakue kwa bando zao.