"Tafuta Kwenye Wazungu Wengi," Kweli?

Juzi kwenye kundi letu la WhatsApp la akina mama wa London, dada mmoja aliyewasili kutoka Mombasa mwezi uliopita kauliza: ana watoto wawili, mdogo ana miaka mitatu, apange mtaa gani? Jibu la kwanza lilikuja kabla sijavaa miwani: "Tafuta kwenye Wazungu wengi, huko ndiko kwa familia." Likapigiwa dole gumba mara 11. Nimehesabu.

Mimi ushauri huo niliumeza mzimamzima miaka tisa iliyopita. Tukapanga kitongoji cha pembezoni, miti huku na huku, kimya utadhani wote wamehama. Dalali alisema neno "familia" mara nyingi kuliko neno "kodi". Hakusema kwamba basi hupita kila nusu saa, wala kwamba stesheni ina ngazi 32 na haina lifti. Idadi naijua kwa sababu nilizipanda kila siku, kigari cha kusukumia mtoto mkono huu, mtoto mkono ule. Majirani? Kwa miezi 14 nilipata salamu moja, tena ya maandishi: karatasi chini ya mlango, kwamba mwanangu anakimbia sana humo ndani. Alikuwa na miaka miwili. Atembee kwa itifaki?

Kilichonihamisha ni treni. Ilikwama jioni moja ya Januari, na uangalizi wa watoto baada ya shule unafungwa saa 12. Nikapitia majina yote ya simuni. Wa karibu kabisa alikuwa saa nzima kutoka shuleni. Nilipofika, mtoto yuko peke yake na mwalimu, koti limefungwa vifungo hadi kidevuni, begi mgongoni, macho mlangoni. Hakulia. Afadhali angelia.

Tukahamia Forest Gate, Newham, mashariki mwa London, ile Newham mnayoicheka kwamba "tumejaa sisi". Sasa treni ikikwama, mama wa nyumba ya chini, Mpakistani, tunayeelewana nusu Kiingereza nusu mikono, ananitumia neno moja: "Nimemchukua." Nikifika, mtoto kashashiba dengu, ugali wangu hautaki. Na treni yenyewe: laini ya Elizabeth, iliyofunguliwa 2022, stesheni zake zote 41 zinapitika bila ngazi. Kwa treni za chini ya ardhi, yaani Tube, ni kama theluthi moja tu ya stesheni. Mwenye kigari ataelewa kwa nini naliandika hili kwa hisia.

Haya, shule. Shule ni jambo, sibishi. Lakini mnaozikariri alama za Ofsted, wakaguzi wa shule, kama nyimbo, ile alama ya neno moja kwa shule nzima imeondolewa tangu Septemba 2024. Na shule nyingi zikigawa nafasi hupima umbali kutoka mlangoni kwako kwa mstari ulionyooka, baada ya kuwachukua wenye ndugu hapo, kwa hiyo kulipa kodi ya kuumiza ili ukae "karibu karibu" na shule maarufu kunaweza kukuacha nje kwa mita chache. Wakati huohuo Hackney, wilaya nyingine ya London, imefunga shule za msingi kwa kukosa watoto. Kodi imezifukuza familia. Newham, kwa taarifa yenu, imekuwa ikiwalisha watoto wote wa shule za msingi chakula cha mchana bure tangu 2009. Jiji zima limefuata 2023.

Usalama: pita mwenyewe Ijumaa saa 4 usiku uone. Kwetu kuna kona sipiti, sitawadanganya. Na takataka, ah, takataka za barabara yetu ni aibu.

Dada wa Mombasa, fomu za Reception, yaani darasa la kuanzia shule ya msingi, mwisho ni Januari 15, usizichezee. Na Jumamosi njoo na kigari chako tuende Queen's Market, soko letu la Newham, muhogo upo, bamia zipo. Nitakukutanisha na mama wa chini. Usile kabla ya kuja, atakasirika.